Nilimpa Mkwe Wangu Kijiko cha Samaki Mbichi

Kwako Mshauri wa gazeti letu,

Nakuandikia mlango nimeufunga kwa ufunguo, maana hili siwezi kumwambia jirani wala rabi, na nikiendelea kulifungia kifuani litanipasua.

Mimi ni mjane, naishi hapa Winnipeg upande wa kaskazini na mwanangu Leyzer, fundi wa makoti, pamoja na mkewe Pesya na mtoto wao wa mwaka na nusu, na mtaa mzima unamjua samaki wangu wa Sabato, kila Alhamisi nanunua samaki wa ziwani angali hai, namsaga na vitunguu, natia yai, chumvi na pilipili manga, na kama mama yangu alivyofanya kule Lithuania naonja kijiko kimoja kibichi kabla vibonge ninavyofinyanga havijaingia chunguni, kwa sababu vikishaiva umechelewa, chumvi haiingii tena. Huyu Pesya watu wake ni wa Galisia, wanatia samaki sukari, sukari Mshauri! na wiki ile ya kwanza ya ndoa nilimwambia, "Binti, hapa hatupiki keki, shika kijiko, onja, onja tena, mpaka ulimi wako uyasahau ya kwenu," naye maskini akaonja, "Ndiyo mama, imekolea mama," na sasa ni mwaka wa tatu.

Mwezi wa nne mwaka huu nikaona chooni kitu kama utepe mweupe, mrefu kuliko mkono wangu, nikaenda kwa daktari wa ng'ambo ya mto ambako hakuna anijuaye, akasema ni tegu wa samaki, akaniuliza, "Mama, wewe unaonja samaki mbichi?" nikamwambia kuonja tu, si kula, akacheka, "Wiki hii wewe ni wa tatu, na wote mnaonja tu," akanipa dawa chungu ajabu, tegu akatoka pamoja na kichwa chake, akanisisitizia kwamba kila anayeonja nyumbani kwangu naye aje apimwe. Sikumwambia mtu. Ningesemaje, nyumba safi ya kosher, inayoshika sheria zote za chakula za Kiyahudi, ina minyoo? Wanawake wa sinagogi wangegusa tena samaki wangu? Na lililo baya zaidi ni kwamba tangu siku ile mimi niliacha kuonja, lakini samaki lazima aonjwe, kwa hiyo nikamwambia Pesya, "Onja wewe, ulimi wangu umezeeka."

Sasa Pesya amekuwa mweupe kama unga, ulimi unamuuma, miguu yake inakufa ganzi, akipanda ngazi anahema, na Leyzer ana hofu ni kifua kikuu, amemkatia tiketi ya treni ya Alhamisi arudi kwa mama yake Montreal, mtoto abaki na mimi. Pesya anapanga nguo huku analia. Na kwa kuwa jina langu la kweli hutalichapisha nitasema yote: nilipoiona tiketi, upande mmoja wa moyo wangu ulifurahi, kwamba jiko litakuwa langu tena na mtoto atakuwa wangu, kisha nikajichukia. Nifanye nini? Je, kama ni kifua kweli, nitakuwa nimejiaibisha bure?

Mama Mkwe Mwenye Aibu

JIBU

Mama Mkwe,

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nilishindwa kukaa kitini. Mimi mwenyewe nimeonja samaki mbichi miaka ishirini, na mama yangu kabla yangu, wala hakuna aliyetuambia kitu. Kwa hiyo mpaka mwezi wa nne huna kosa. Kuanzia mwezi wa nne unalo, tena kubwa, na sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Eti ulimi umezeeka! Mbona kwa kusema uongo ulikuwa kijana kabisa?

Unauliza kama ni kifua. Sijui, mimi si daktari. Lakini hata daktari hawezi kujua, ikiwa hakuna aliyemtajia samaki. Tegu huyu anaweza kummalizia mtu nguvu na damu mpaka miguu ife ganzi, na kupima choo ni jambo dogo. Mkimpakia kwenye treni, ataumwa vilevile Montreal, tena mbali na mwanawe, na huko watabahatisha kama mnavyobahatisha hapa.

Usijitie wazimu kwamba umeulisha mtaa mzima sumu. Samaki aliyechemka mpaka ndani hana neno, na wageni wako walikula walichochemshiwa. Tegu huyu haambukizwi kwa kikombe wala kwa busu, kwa hiyo kwa ajili yake mtoto hana sababu ya kutenganishwa na mama yake. Ila kama naye alilambishwa kijiko kile, na sisi mabibi tunajuana, mpeleke apimwe pia.

Samaki endelea kupika. Chukua kibonge kidogo, kitumbukize kwenye maji yanayochemka, kiive mpaka katikati, kipoe, ndipo uonje. Chumvi imepungua? Bakuli bado liko mbele yako, ongeza. Na Pesya akitaka kutia sukari, mwache atie sukari.

Hao wanawake wa sinagogi unaowaogopa, nusu yao wanalamba kijiko hichohicho. Watakusema wiki mbili, halafu mmoja mmoja watavuka mto kwenda kupimwa, na kila mmoja atajifanya amekwenda kununua uzi.

Majina yenu nimeyabadilisha, lakini jiko lako linajulikana, umesema mwenyewe. Gazeti la leo Jumanne linafika kwenu saa kumi alasiri, na mafundi wa makoti hutoka kazini saa kumi na mbili. Una saa mbili. Leyzer asiyasome haya kabla Pesya hajayasikia kutoka kinywani mwako.

Usianzie Lithuania. Usimwingize mama yako. Mkalishe chini umwambie: "Pesya, nilijua, nikanyamaza, nikakupa wewe kijiko." Halafu usiongeze "lakini". Akilia, mwache alie. Akikutukana, pokea. Mvalishe koti, mshike mkono kwenye ngazi, mwende kwa yule daktari aliyekutibu, na mkishaingia, wa kwanza kusema awe wewe.