Zuleha na Kona za Kibaha

Mwanangu Yahya,

Huku kijijini Masaki mihogo imestawi, mama yako mzima, na mimi bado mzuri kuliko wewe.

Uliniagiza niuze gari la binti yako Zuleha, tunayekaa naye hapa, kwa kuwa tangu limteleze kwenye mvua hashiki tena usukani. Sikuuza. Jumamosi tulilipeleka Kibaha, kwenye uwanja wa mbio za magari ambako walimu hufundisha watu kuendesha, kila mtu na gari lake. Mwalimu, Bi Firdausi, aliketi kando yake. Mzunguko wa kwanza Zuleha alikwenda kama bibi harusi anaingia ukumbini. Nikamzomea, "Mke wangu, hata kuku wa Msimbu wanakupita."

"Ngoja, mume wangu kibogoyo," akanijibu dirishani.

Mwalimu akamfundisha kukanyaga breki kabla ya kona na kutazama anakokwenda, si anakoogopa. Yahya, mzunguko uliofuata aliikata kona tairi zikalia, gari likatulia kabisa. Nilipiga makofi hadi bakora ikaniponyoka. Aliposhuka alikuwa anacheka. Miezi yote hii alikuwa akijifungia chumbani kulia; sikukuandikia, ungekuja kutuongezea kelele.

Huyo mnunuzi uliyemtafuta mwambie gari haliuzwi. Ukija Idi, Zuleha atakupokea stendi. Funga mkanda, ufunge na mdomo.

Ni mimi baba yako,
Mfaume