Mama Hapokei Namba Ngeni

Shoga, uko? Tumetoka duka la simu sasa hivi. Mume wangu kakaa kwenye ngazi analia. Yule mwanaume, analia!

Si unajua bila kibali cha ukaazi huku ugenini walimnyima laini? Miaka yote hiyo salamu za mama yake zilipitia kwa dada yake kule nyumbani, kwa maandishi tu. Leo kibali mkononi, laini kapewa. Wa kwanza kumpigia? Mama.

"Mama, ni mimi, mwanao!"

Mama naye: "Mwanangu kanikataza kuongea na namba ngeni. Tapeli mkubwa we!" Akakata.

Shoga, AKAKATA. Na kweli mume wangu mwenyewe alimkataza kabla hatujasafiri.

Akapiga tena, hapokei. Muuzaji akauliza, "Laini ina shida?"

Haina. Sauti ilifika vizuri kabisa. Mama ndiye kaisahau.