Kanga Usoni

Jumapili, 22 Machi 1959

Nimepewa mtoto! Msichana. Atuganile, miaka kumi na saba hivi, kutoka Karonga, ng'ambo ya mto Songwe. Kwao Nyasa askari wanakamata watu, nyumba zinachomwa. Wamekimbia vijana tisa mpaka hapa Iringa, na kamati yetu ya mtaa imewagawa kwa wenye nafasi – Waislamu, Walutheri, yeyote. Mvulana mmoja kaenda kwa seremala, wawili kwa muoka mikate. Mimi nikasema nipeni wa kike, nina cherehani mbili na mikono yangu ni hii tu.

Anapiga magoti akinipa maji, mpaka naona haya. Mumewe alikamatwa, hajui yuko wapi. Kiswahili chake cha kubahatisha. Analia akidhani sisikii. Nasikia.

Jumanne, 31 Machi

Leo kashona mkono wa gauni, umenyooka haukupinda hata kidogo! Nikampigia kigelegele, na saumu yangu kinywani. Akacheka. Kumbe ana mwanya. Nimemwambia Idi ikipita atakuwa na wateja wake mwenyewe. Tangu marehemu mume wangu aondoke nilikuwa nafuturu nikitazamana na ukuta. Sasa nyumba ina mtu.

Lakini jioni kapita Bwana Mrisho, mwenyekiti wa kamati, uso kama kalamba ndimu. Ati watu wanasema miongoni mwa vijana hawa kuna wapelelezi. Watu gani? Watu! Basi kila kijana lazima atambuliwe na mtu mzima wa kwao. Asiyetambuliwa atarudishwa Mbeya, na kutoka huko avushwe mto, arudi kwao. Nikamwuliza, na hao wanaomngoja ng'ambo? Akasema, Bi Waridi, mimi nina watoto.

Jumatano, 8 Aprili



Kaja mzee wa Karonga, anaitwa Sedekia, kafikia kwa Walutheri. Tukakaa barazani kwa Mrisho, vijana wakaletwa mmoja mmoja. Yule wa seremala, mzee akamshika kichwa, akamtaja baba yake na babu yake. Wote wanane vivyo hivyo. Ikafika zamu ya wangu. Kumwona mzee tu – akavuta kanga usoni, akageuka, akachutama nyuma ya mlango!

Mrisho akamwuliza, unamjua mzee huyu? Kimya. Mtaje jina basi. Kimya! Na mzee naye kageukia ukuta, anapunga mkono, kwa Kiswahili chake cha maneno mawili matatu: mtoeni, mtoeni, si vizuri. Baraza zima likaguna. Mrisho akasema, mmeona wenyewe, hataki hata kumtazama.

Nyumbani nikamshika mabega. Umenitia aibu mbele ya mtaa mzima! Akaanza, "Mama, yule mzee..." Nikamkatiza. Kama una neno, ungelisema kule! Nguo zake nimezifunga mimi mwenyewe, kwa hasira. Kesho anapanda lori la Mbeya.

Alhamisi, 9 Aprili

Ameondoka alfajiri. Mvua. Alipiga magoti kuniaga, sikumwinua. Cherehani ya pili nimeifunika.

Ijumaa, 10 Aprili – Idi

Idi gani hii!

Pilau iko motoni, akapiga hodi Anania, dereva wa lori jingine, Mnyakyusa wa Tukuyu. Hula kwangu kila sikukuu. Nyuma yake Mzee Sedekia. Kasimama uani, haingii. Anania akanitafsiria: mzee anauliza, mkwe wake ameshatoka humo ndani, apate kupita?

Mkwe gani?

Mke wa mwanawe. Atuganile.

Nikakaa chini, pale pale penye majivu. Anania akashangaa. Bi Waridi, hukujua? Sisi na watu wa Karonga mila ni moja. Mwanamke hamtazami baba mkwe, jina lake halitamki, wakikutana njiani anajificha. Na baba mkwe naye anageuka. Mtoto wa watu alikuwa akimheshimu! Na mzee alidhani tulimtoa haraka kwa kulinda heshima hiyo hiyo. Amekaa akingoja mwanamke mwingine aje, ampe habari ampelekee mkwewe.

Habari yenyewe: mumewe yu hai, yuko kifungoni. Katuma neno moja tu. Atuganile asirudi. Mke naye alikuwa akipeleka maneno ya chama chao cha siasa, na askari wanamtafuta.

Ya Rabbi. Na mimi nimemfungia nguo!

Nilikwenda kwa Mrisho peku. Nikayamwaga yote mbele ya wageni wake. Akasema, tungejuaje? Nikamwambia, tungeuliza! Au midomo tumepewa ya kulia pilau tu?

Jumamosi, 11 Aprili

Nyololo, njia ya Mbeya. Naandika kwa penseli kwenye banda la chai. Anania katuleta, mimi na Mzee Sedekia, tope mpaka kwenye ekseli. Lori la Mbeya lilikwama hapa tangu juzi, bado limezama topeni upande mmoja, abiria wanaota moto. Nikaruka chini, nikauliza. Atuganile yuko wapi?

Alikuwepo, kasema mama wa chai. Sasa hivi alikuwa ananioshea vikombe. Mlipotokea kule juu kilimani, akamwona huyo mzee kakaa mbele na dereva. Akajitupia kanga usoni, akaingia mle kwenye msitu wa miwati. Nikadhani mzee wenu mkorofi.

Lo! Tumemfukuza mara ya pili.

Mzee akatafsiriwa maneno hayo. Kashuka, kaenda nyuma ya lori letu, kajifunika turubai gubigubi, mtu mzima yule, mvuani. Akiniona hatoki, mzee anasema. Mwite wewe.

Nimeita mpaka sauti imekauka. Mumeo yu hai! Usirudi!  Lori la Mbeya wanalisukuma, karibu litoke, na mama wa chai anasema kuna njia ya miguu inayopita msituni na kutokea barabarani mbele. Akilidaka huko, basi, atavushwa mto. Anania kaenda kuzuia dereva mwenzake. Nawasikia wanagombana.

Gauni nimelitundika kwenye mti wa kwanza, lile la mkono ulionyooka, alione. Nimerudi bandani, sisogei.

Mzee anakohoa ndani ya turubai. Nimemwomba azuie kikohozi, asije akasikika. Anazuia.