Kopo la Gengeni

Alhamisi, 12 Julai 2001
Watoto thelathini na wawili kwenye mizani ya zahanati. Mmoja tu kanikojolea. Siku njema.
Mchana kaja Gaudensi, mpima ardhi wa barabara anayekaa Nyamwage. Kaniachia kile kidude chake cha setilaiti, kinachosoma namba za mahali ulipo. Zamu yangu kuficha. Mchezo wetu ndio huo: mmoja anaficha kopo porini, anampa mwenzake namba za mahali, basi. Hakuna kuuliza njia. Ndani ya kopo mna daftari na kalamu. Ukilipata unaandika jina na tarehe. La kwake la mwisho nililipata kabla jasho halijanitoka. Safari hii atanikoma.

Jumamosi, 14 Julai
Nimelificha kwenye genge la mawe la Mohamedi, jirani yangu, mrina asali. Liko ndani kabisa ya msitu, mwendo wa saa tatu kutoka hapa Mbwara. Nyuki wamejaa kwenye nyufa. Babu yake alirina hapo, kisha baba yake, sasa yeye. Mwaka jana nilimsumbua mpaka akanipeleka. Mimi mtoto wa Mwanza, nimekulia juu ya mawe. Nikisikia genge, nyayo zinaniwasha. Aliniapisha kwanza. "Dada nesi, pahala hapa hata mashemeji zangu hawapajui. Usin'tangazie." Nikaapa.
Kiapo sijakivunja. Sikutaja jina wala njia. Nimempelekea Gaudensi kidude chake na karatasi yenye tarakimu tu. Tarakimu si maneno.
Nimepanda peku, kamba ya katani kiunoni. Kopo nimelisokomeza kwenye ufa wa juu, mbali na nyuki. Goti limechubuka. Raha tupu.

Jumapili, 22 Julai
Gaudensi kalipata jana! Kaja sikio limevimba, nyuki mmoja. Kalisifia genge. Kaisifia zaidi miti ya mininga iliyo chini yake, minene, ya zamani. Tumecheka hadi machozi.

Jumapili, 29 Julai
Gaudensi kala ugali kwangu. Kasema kachoka.

Jumatano, 8 Agosti
Malori mawili ya magogo yamepita. Mininga. Yametokea upande wa msituni. Mohamedi sijamwona siku tatu. Jumamosi nitakwenda gengeni mwenyewe.

Jumamosi, 11 Agosti
Nimekwenda.
Njia mpya ya lori hadi chini ya genge. Visiki. Wamechoma matairi pale mwambani ili nyuki wasiwasumbue wakikata. Jiwe jeusi toka chini hadi kwenye nyufa. Nyuki wafu wametapakaa kama makapi ya mpunga.
Nimepanda hivyo hivyo. Mara mbili nusura nianguke. Kopo lipo, masizi tupu. Daftari halikuungua. Jina la Gaudensi, 21 Julai. Chini yake, 28 Julai, jina lake tena, na mawili nisiyoyajua. Mmoja kaandika na kazi yake: mfanyabiashara wa mbao. Wametumia kalamu yangu.
Tarehe 28. Kesho yake akala ugali wangu.
Kanisaliti. Hakuna neno jingine.

Jumapili, 12 Agosti
Sikwenda kanisani. Nimemfuata Nyamwage. Hakukana hata kidogo. "Dada, ule msitu ni wa serikali. Watu wana kibali. Hata mimi nisingewaonyesha, wangepaona tu." Nilitaka kumzaba kofi. Badala yake nikalia mbele yake, na hilo ndilo linaloniudhi zaidi.
Njia nzima ya kurudi nilikuwa nikijiambia, kikulacho ki nguoni mwako. Nimefika nyumbani ndipo nikaona: katika nguo ya Mohamedi, kinachokula ni mimi.

Jumatatu, 13 Agosti
Nimemwambia Mohamedi yote. Kopo, karatasi, tarakimu. Alikuwa anachonga mpini wa jembe. Hakupandisha sauti. "Hapana neno, dada." Akaniita ndani, nikapewa chai. Nimeinywa yote. Bora angenitukana.

Jumanne, 4 Septemba
Upepo tangu usiku. Nilikuwa nafagia baraza la zahanati niliposikia vigelegele kwa Mohamedi. Mkewe kajifungua mtoto wa kike.
Watoto wao wawili wa kwanza niliwapokea mimi. Safari hii hawakuniita; huyu kapokewa nyumbani na mkunga wa kijiji, nyumba ya tatu kutoka hapa. Wanasema mama na mtoto wazima.
Nimefungua zahanati saa moja na nusu, kama kawaida.