Sare za Mkutano wa Fizikia

Alhamisi

Huu ukarimu umetoka wapi? Muhula mzima mkuu wa idara alitupiga chenga kila tulipomwomba ukumbi kwa ajili ya mkutano wa wasichana wanaosoma fizikia. Leo kaniita mwenyewe. Ukumbi tumepewa, na fundi wa Mabatini atatushonea sare za kitenge.

"Za nini, mwalimu?"

"Mpendeze, binti yangu."

Nikashukuru, ila moyo ulikataa. Hakuuliza hata kidogo nani atawasilisha mada. Mimi ninayo yangu, jinsi mwanga unavyopungua kwenye maji ya ziwa, na ninaogopa kuiwasilisha.

Neema, ninayeandaa naye, alinicheka. "Wewe nawe! Mtu akikupa, pokea."

Labda. Lakini jioni fundi alikuja kutupima. Neema amenyoosha mikono, anasifia rangi, fundi akauliza, "Na aproni nipime leo leo?"

"Aproni?"

"Mkuu kasema ninyi ndio mtakaogawa chai. Meza kuu watakaa walimu na wale vijana wa kiume watakaozungumza."

Neema akashusha mikono.

Kesho asubuhi naenda ofisini kwake. Shikamoo nitampa. Aproni avae yeye.