Usukani wa Robo Mzunguko

Jumatatu, 4 Machi

Mama kafeli tena mtihani wa udereva. Mara ya pili! Mkaguzi kaandika kuwa hatulii na usukani. Mama karudi, kanywa bilauri mbili za maji, akasema mkaguzi mwenyewe ana macho ya samaki.

Ubaya ni Mjomba. Kasema Jumamosi Mama akifeli mara ya tatu, pikapu ya marehemu Baba anaichukua yeye akabebee mchanga. Na magodoro ya duka letu yabebwe na nani, mimi kichwani? Mama kachukua kitambaa. Kaenda kufuta vioo vya pikapu, kafuta hadi vikalia. Nimeumia roho kumtazama.

Jumanne, 5 Machi

Leo nimeiendesha mwenyewe hiyo pikapu anayofanyia mtihani. Mungu wangu! Unazungusha kushoto — kimya. Unazidisha — kimya. Ukishajiandaa kufa ndipo inakwenda. Mama wa watu anatulia, tena sana. Usukani ndio hautulii!

Jumatano, 6 Machi

Fundi kaja. Kapima upepo wa matairi: sawa. Kapiga jeki, katikisa magurudumu: hayachezi. Kinyozi wa jirani, asiye na hata baiskeli, kasema ni giaboksi.

Fundi kajilaza chini ya gari, Mama juu kwenye kiti. Zungusha kushoto, mama! Zungusha kulia! Mama kanogewa, anapiga na honi. Fundi katoka na grisi puani: boksi la usukani limelegea kwenye chesesi, chuma cha chini kinachobeba gari. Ukizungusha, linaanza kucheza lenyewe kabla ya magurudumu kujua lolote. Boliti tatu tu za kukaza.

Mama kakataa katakata. Eti Baba aliiacha hivyo. Unakata robo mzunguko mapema, unahesabu moja, inaitika. Mbona yeye anaiweza?

Fundi kanitazama. Nikamkonyeza.

Ijumaa, 8 Machi

Imekazwa!! Mama akiwa dukani. Spana namba kumi na saba, dakika ishirini. Nimezunguka mtaa mzima naimba — ukiwaza kushoto tu, imeshafika. Mama atafaulu hadi mkaguzi aone haya. Jioni kalala mapema, nitamwambia asubuhi.

Jumamosi, 9 Machi

Sikumwambia. Alikuwa anapiga pasi gauni jeupe huku anasali kwa sauti. Ningemkatiza vipi?

Naandika nikiwa ndani ya pikapu, katikati ya uwanja wa mtihani.

Mama kaondoka vizuri, kioo, indiketa, kila kitu. Kona ya kwanza kakata robo mzunguko, kahesabu moja. Pikapu haikusubiri moja. Pipa la kwanza la alama hilo, chali! Karudisha robo kulia — pipa la pili. Mkaguzi kakumbatia dashibodi, faili limerukia nje ya dirisha. Mama kasimama. Kazima injini. Kavuta na breki ya mkono. Kashuka, akanitafuta kwa macho pale kwenye mabenchi. Nani kaigusa?

Nimeungama. Nina miaka thelathini na nne, nimelia kama wa chekechea.

Hakunigombeza. Katoa spana chini ya kiti, kaniamuru nikae kwenye usukani, kajilaza chini ya gari na gauni lake jeupe azilegeze tena zile boliti. Mkaguzi kauliza kama mtihani ndio umekwisha. Mama kajibu kutoka chini kuwa haujaanza, gari alilofanyia lilikuwa la watu wengine.

Mkaguzi kaokota faili. Kaangalia saa. Mjomba yuko getini na kamba ya kuvutia gari, anacheka peke yake.

Sasa mkaguzi anavua koti! Kapiga magoti. Namsikia anamwambia Mama aanze na boliti ya nyuma, pikapu ya baba yake yeye mkaguzi nayo ilikuwa hivi hivi, na asiilegeze zaidi ya nusu mzunguko. Mama anamwambia asimfundishe kazi, amshikie tochi. Kaishika!

Mama anapiga kelele nizungushe kushoto.

Nazungusha.