Kichupa namba 41

Shoga, uko wapi?

Leo maabara nimepima kichupa cha damu namba 41. Protini za damu, tunazozisoma kujua umri wa viungo, zikaonyesha mwili wa miaka themanini na moyo uliochoka. Nikacheka kwa sauti: "Huyu bibi kizee katoka wapi?" Wenzangu wote wakacheka.

Nilicheka, shoga. NILICHEKA.

Nikarudia kipimo mara tatu, majibu yaleyale. Bosi akafungua orodha ya majina, akaniwekea kidole kwenye namba 41.

Ni mdogo wangu. Nilimleta mwenyewe, eti tupate damu ya mtu mwenye afya tulinganishe na ya wagonjwa. Ana miaka thelathini na mbili!

Sasa hivi kaniletea chakula. Kafika juu anahema: "Dada, ngazi zenu zitaniua."

Kila siku anasema hivyo. Kila siku namcheka.